Mifupa ya mtu mweusi na mawimbi ya Durban

SWALI
Shikamoo dada. Nina miaka 21, nasoma chuo hapa Mbeya mjini, ila nimelelewa na bibi kule Matema. Mungu akijalia, Februari mwakani nakwenda Durban kuendelea na masomo. Nimeona kwenye simu wasichana weusi wakisimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi, nikasema nami nikifika huko nitajifunza. Nyumbani wamenicheka. Baba mdogo anasema mifupa ya mtu mweusi ni mizito, majini tunazama kama nyundo. Shangazi anasema hiyo ni michezo ya wazungu na nitakwenda kutazamwa kama sinema. Mwenzangu wa chumbani yeye anawaza nywele. Wewe uliyeishi huko na unayefundisha watu kuogelea, wana ukweli wowote? Na ilikuwaje kwako?

JIBU
Marahaba mdogo wangu. Kamwene! Hiyo ni ya kwetu Iringa. Ya Kinyakyusa nikiiandika nitakosea na bibi atanicheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu, kwa sababu baba mdogo wako na marehemu babu yangu wangeelewana sana.

Nianze na huyo baba mdogo, maana la kwake ni jepesi. Ni kweli wapimaji wa mifupa wameona kwamba, kwa wastani, mifupa ya watu weusi imeshiba kidogo kuliko ya wazungu. Kwa wastani, na kidogo. Lakini mtu haelei kwa mifupa. Anaelea kwa hewa iliyo kifuani na kwa mafuta yaliyo chini ya ngozi. Lala chali majini, vuta pumzi uijaze mapafu: utaelea. Toa pumzi yote: utaanza kushuka taratibu, na mzungu wa pembeni yako naye atashuka. Mwaka 2016 kule Rio, Simone Manuel, Mmarekani mweusi, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 mtindo huru, akilingana muda na msichana wa Kanada. Sidhani kama mifupa aliiacha hotelini.

Halafu baba mdogo amesahau ubao. Ubao wa povu wa futi nane, ambao ndio wanaoanza hupewa, una ujazo wa kama lita 80. Chukua ndoo nne za lita 20, tupu, zibane mifuniko, zifunge pamoja kwa kamba ukalale juu yake pale Matema. Uone kama utazama.

Lakini maneno ya namna hiyo hayazuki hivi hivi, na hapa sicheki tena. Marekani walichunguza mwaka 2017, wakakuta asilimia 64 ya watoto weusi hawajui kuogelea kabisa au wanajua kidogo tu. Kwa watoto wa kizungu ilikuwa asilimia 40. Mtu akisikia takwimu hiyo anasema, si mnaona, hawa na maji haviendani. Haulizi mabwawa yalikuwa wapi na nani alikuwa anaruhusiwa kuingia. Miji kadhaa ya Marekani iliamua kufunga mabwawa yake ya umma, mengine yakafukiwa kabisa, ili tu watu weusi na weupe wasiogelee pamoja. Mama ambaye hakuruhusiwa kuingia majini hawezi kumfundisha mwanawe kuogelea. Atamfundisha kuyaogopa, na yule naye atamfundisha wa kwake.

Na sisi huku nyanda za juu tuna ya kwetu, tusisingizie ubaguzi wa watu wengine kwa kila kitu. Nimekulia Iringa. Mto Ruaha Mdogo ulikuwa wa wavulana. Wasichana tulikwenda kufua, tukakaa kwenye mawe na sabuni zetu, tukawaangalia kaka zetu wakijitupa. Maji yana mwenyewe, tuliambiwa. Huko jirani yenu Rungwe sikwambii: Ziwa Ngosi lina hadithi za nyoka ambazo zinatosha kumfanya mtu mzima asiguse hata ukingo. Mimi mwalimu wako wa kuogelea nilielea kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, huko huko Durban, kwenye bwawa, nimeshikiliwa kiuno na binti aliyekuwa mdogo kuliko mimi. Wewe uliyekulia Matema umenitangulia mbali.

Sasa shangazi. Michezo ya wazungu? Watu wa Hawaii walikuwa wakisimama juu ya mbao zao karne nyingi kabla hawajaonana na mzungu yeyote, na hao si wazungu. Na Afrika je? Maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana kuhusu watu kuteleza na mawimbi yanatoka miaka ya 1640, pwani ambayo leo ni Ghana, yakiandikwa na Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliyekuwa huko kikazi. Mwaka 1835 Mskoti James Alexander naye akaandika alichokiona Accra: wavulana wanaogelea kuelekea bahari kuu, kila mmoja na ubao mwepesi chini ya tumbo, wanasubiri wimbi, kisha wanarudi nalo wakiwa juu yake. Hakuna mzungu aliyewafundisha. Ile pwani haina bandari ya asili, mawimbi yanapasuka moja kwa moja ufukweni, kwa hiyo mvuvi anayetaka kurudi nyumbani na samaki wake lazima ajue kusoma wimbi. Watoto walikuwa wanacheza kazi ya baba zao.

Na hili wewe umeliona kwa macho yako, ila hukulipa jina. Nilikuja Matema mwezi wa nane mwaka fulani, upepo wa kusini umechachamaa, ule wavuvi wanaouita mwera. Asubuhi nikakaa kwenye mchanga, pembeni kina mama wanapanga vyungu vya Wakisi. Mtumbwi mmoja ulikuwa unarudi na watu wawili. Ulipofika pale mawimbi yanapoanza kuinuka, yule wa nyuma akaacha kupiga kasia. Akatulia tu, kasia limelala mapajani, shingo ameigeuza nyuma. Wimbi la kwanza likapita chini yao. La pili likapita. La tatu lilipoanza kuinua tezi, akapiga kelele neno moja na wote wawili wakachoma kasia kwa nguvu, mara nne, tano, mtumbwi ukainama mbele kidogo, ukashikwa na wimbi, ukaja nalo hadi kwenye mchanga bila wao kufanya kitu kingine isipokuwa yule wa nyuma kuzuia usigeuke ubavu. Wakaruka, wakauvuta. Mimi nilikuwa nimelipa hela nyingi Durban kufundishwa hicho hicho: kaa, geuza shingo, waache wawili wa kwanza, piga kasia mapema kuliko unavyodhani, usikubali kugeuzwa ubavu. Ni nani basi aliyekwambia si mchezo wenu?

Kilichotokea ni kwamba watu weusi walitolewa majini. Shangazi akitaka ushahidi msimulie wa ziwa, maana ziwa mnalijua. Tarehe 27 Julai 1919, Chicago, kijana mweusi wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa anaelea na wenzake katika Ziwa Michigan. Maji yakamsogeza ng'ambo ya mpaka ambao haukuchorwa popote, ila kila mtu aliujua: huku weusi, kule weupe. Mzungu mmoja akaanza kuwarushia mawe. Eugene akazama, akafa. Fujo zilizofuata zilidumu karibu wiki nzima na kuua watu 38.

Huko California, kijana Nick Gabaldón, mama yake mweusi na baba mwenye asili ya Meksiko, alijifunzia kwenye kipande cha ufukwe wa Santa Monica ambacho watu weusi waliachiwa, na ambacho kwa dhihaka kiliitwa Kidau cha Wino. Mawimbi mazuri yalikuwa Malibu. Anakumbukwa kwa kulala juu ya ubao wake na kupiga kasia kwa mikono kama kilomita 19 kufika huko, karibu sawa na kutoka Mbeya mjini hadi Uyole na kurudi, lakini kwa mikono na baharini. Mwaka 1951, akiwa na miaka 24, alikufa huko huko Malibu kwa kugonga nguzo za gati.

Na Durban yako unayokwenda? Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma kwa rangi iligawa hadi mchanga. Kuna picha ya bango la ufukweni lililokuwa bado limesimama mwaka 1989: kwa mujibu wa kifungu cha 37 cha sheria ndogo za fukwe za Durban, eneo hili la kuogelea ni la watu wa rangi nyeupe tu. Limeandikwa kwa lugha tatu, Kizulu kikiwemo, ili asije mtu akasema hakuelewa. Novemba mwaka huo ndipo fukwe zikafunguliwa kwa wote. Mwaka 1972 Eddie Aikau, Mhawaii, mmoja wa wajuzi wakubwa wa mawimbi duniani kwa wakati wake, alifika Durban kushindana, hoteli ikamkatalia chumba kwa ajili ya ngozi yake. Familia ya Shaun Tomson, kijana wa kizungu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, ndiyo iliyomchukua nyumbani kwao. Kwa hiyo ukimkuta pale ufukweni mzee wa Kizulu amekaa na nguo zake zote, hagusi maji, usidhani anaogopa. Hesabu umri wake.

Nilifika huko mimi zaidi ya miaka ishirini baada ya mabango kung'olewa. Ulitaka kujua ilikuwaje. Siku ya tatu ya kujifunza nilikuwa natembea na ubao kwapani, mchanga umenikauka miguuni, mama mmoja akanisimamisha kwa upole kabisa na kuniuliza viti vya kukodi ni bei gani. Nina ubao kwapani! Hakuwa mkali, alitabasamu. Nikamwonyesha kwa kidole kule viti viliko, na mpaka leo sijui kwa nini nilimjibu kwa adabu ile.

Ndani ya maji hakuna aliyenitukana. Nasema kweli. Kulikuwa na vitu vidogo ambavyo hata kuvisimulia unaona aibu. Watu wamekaa juu ya mbao zao wakisubiri wimbi, wanapiga soga, unafika, soga linakatika, halafu linaendelea kwa sauti ya chini. Au kinyume chake: unapanda wimbi la kitoto, unasimama sekunde mbili, unaanguka kama gunia, na mzee mmoja anakupigia makofi kana kwamba umefufuka. Makofi yale yalinichosha kuliko ukimya. Mwenzangu wa kizungu tuliyeanza naye siku moja alianguka vile vile na hakupigiwa.

Kinachochosha hasa ni kazi ya kubahatisha. Mtu ameniingilia wimbi langu. Ni kwa sababu mimi ni mweusi? Kwa sababu ni mwanamke? Kwa sababu sijui na nimekaa mahali pabaya? Au ni mkorofi tu, na huwaingilia wote? Mzungu mgeni akiingiliwa anakasirika, anaendelea. Mimi nilirudi nalo hadi kitandani.

Dawa niliyoipata ni kavu lakini inafanya kazi: jifunze sheria za majini mapema na uzijue kuliko wao. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kupasuka, wimbi ni lake. Wengine wote wanaacha. Unapotoka kwenda nje unazunguka pembeni, hukatizi mbele ya anayekuja na wimbi. Ubao wako huutupi, hata ukiwa umefungwa kamba mguuni, maana unaweza kumpasua mtu kichwa. Ukizijua hizi, siku mtu akikuingilia utajua bila wasiwasi kwamba kosa ni lake, utamwambia "hilo lilikuwa langu" na utalala. Sababu zake abaki nazo mwenyewe.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea. Siku hizi utawakuta vijana wa Kizulu pale kwenye magati, tena wanaopanda mawimbi kwa namna ya kukufanya ukae tu uangalie. Nilipowaona moyo ulitulia, nikasema nimefika kwa ndugu. Wakanisalimia kwa Kizulu, nikajibu kwa Kiingereza, nikaona nyuso zikibadilika kidogo. Pale nikawa mgeni wa namna nyingine. Rangi peke yake haikufanyi mtu wa nyumbani, na Afrika Kusini neno baya la kumwita Mwafrika mgeni utalisikia. Jifunze salamu za Kizulu hata kabla ya kusimama juu ya ubao. Mimi nilichukua miezi sita ya kiburi, kisha nikajifunza, na mmoja wa vijana wale ndiye aliyenionyesha wapi pa kukaa upepo ukibadilika.

Wala hutakuwa wa kwanza, kwa hiyo usibebe mzigo huo. Michael February wa Cape Town aliingia mwaka 2018 kwenye mashindano makuu ya dunia, mweusi wa kwanza kutoka Afrika kufika pale. Baba yake aliteleza na mawimbi enzi zile za mabango. Na huenda mmoja wa wasichana uliowaona kwenye simu ni Khadjou Sambe wa Dakar, ambaye naye nyumbani walimkatalia mwanzoni. Shangazi zetu wako kila nchi.

Mwenzako wa chumbani nimjibu haraka. Hoja yake ni ya kweli, na hata wakubwa imewashinda: mwaka 2021 shirikisho la kuogelea la dunia lilikataa kofia pana zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele zetu zisitumike Olimpiki, mwaka uliofuata likaziruhusu. Wewe suka twende kilioni za kubana kichwani, bila kuongezea rasta ndefu, zinanyonya maji na shingo inakuuma. Kabla ya kuingia baharini lowesha kichwa kwa maji baridi ya bomba, paka mafuta ya nazi. Nywele zilizokwisha kunywa maji matamu hazinywi chumvi nyingi. Ukitoka suuza hapo hapo. Wigi iache bwenini. Na ngozi nyeusi inaungua, usidanganyike: mabega yangu yalibabuka wiki ya kwanza. Vaa fulana ya kubana ya mikono mirefu, itakukinga jua na itakukinga nta inayopakwa juu ya ubao ili usiteleze, isikuchubue kifuani. Ukiwa mtu wa kujisitiri, itakusaidia na hilo.

Una miezi kabla ya Februari, na huhitaji Durban ili uanze. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kule juu kabisa mwisho wake. Mwera ukivuma kutoka kusini, kati ya Mei na Agosti, unayasukuma maji njia yote hiyo hadi yanakuja kupasukia mbele ya nyumba ya bibi. Si mawimbi ya bahari: yanafuatana haraka, kila baada ya sekunde chache, yamevurugika, wakati ya Durban yametoka mbali na unapata nafasi ya kupumua katikati. Ila hapo hapo Chicago, kwenye ziwa alimofia Eugene, leo watu wanateleza na mawimbi ya namna hiyo hiyo. Na maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo yanakubeba kidogo pungufu kuliko ya bahari. Ukiweza kuelea Nyasa, Durban utaona umeinuliwa. Hilo nalo kamwambie baba mdogo.

Likizo ya mwezi wa saba fanya hivi. Uogelee mita 200 bila kushika chini, kwa mtindo wowote, hata wa ovyo. Ukae wima mahali pa kina dakika kumi bila kuguswa, na mtu wa mtumbwi akiwa karibu. Kisha simama maji ya kiunoni, uache wimbi likuangushe, likuviringishe, usipigane nalo, funika kichwa kwa mikono, subiri, inuka. Mara ishirini. Anayeogopa kuviringishwa hafundishiki ubao. Ukihisi maji yanakuvuta kutoka nje, usiogelee kuyapinga. Ogelea sambamba na ufukwe hadi yakuachie, ndipo urudi. Usiende peke yako, usisogelee mdomo wa Mto Lufilyo, mamba hawajasoma barua hii, na ukirudi Mbeya kapime kichocho.

Ubao usinunue huku. Durban utaukodi kwa saa, na ukitaka wako utapata uliotumika. Niliwahi kurudi na wangu hadi Iringa, futi saba. Kondakta wa basi akaupima kwa macho, akanitoza nauli ya godoro.